Sayyid Barghash na Shamba la Mariseli

Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1856, merikebu iliyomchukua Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, kutoka Maskati kurejea Unguja ilikuwa imevikaribia visiwa vya Shelisheli ilipomfikia amri ya Mwenyezi Mungu isiyo na marejeo, naye akafariki baada ya kuishika enzi kwa muda wa miaka 50. Aliacha wana 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18, na aliyeyashika mambo mkononi mle chomboni saa ile ya msiba alikuwa kijana Barghash. Desturi ya safari ndefu ni kumzika maiti baharini, lakini Barghash hakukubali baba yake achukuliwe na mawimbi. Alimtia sandukuni, akamleta Unguja, akamteremsha pwani usiku, akamzika kwa siri, na kabla mji haujapambazukiwa akajaribu kuitwaa ngome na jumba la enzi. Watu hawakumwitika. Kulipokucha, mji ulikuwa na msiba mmoja na mtawala mmoja, naye ni Majid, kaka yake.

Jaribio lile halikuleta vita, na labda ndiyo sababu waandishi hulipita upesi. Mimi naliona kuwa mlango wa kwanza wa fitina iliyozuka miaka 3 baadaye, fitina ya ndugu kwa ndugu, wa baba mmoja na mama mbalimbali, ambayo hadi leo huulizwa juu yake swali lile lile: je, Barghash, mnyonge wa mali, wa askari na wa marafiki, angaliweza kumshinda Majid? Aghalabu hujibiwa kwa haraka kwamba asingaliweza kabisa. Jibu hilo siliridhii, kwa kuwa wale walitoao huwapima ndugu wawili katika mizani, huyu upande huu na yule upande ule, wakasahau kuutazama mkono uliokuwa umeishika mizani yenyewe.

Na tuanze na haki, maana kila mmoja wa ndugu wale aliidai. Katika Omani hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu kumtii mwana wa kwanza wa mtawala aliyekufa. Kwa madhehebu ya Ibadhi imamu huchaguliwa na waumini, na Sayyid Said mwenyewe alitawala umri wake wote bila ya kujiita imamu. Mwaka 1844 aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba mwanawe Khalid ndiye atakayeshika milki za Afrika, na Thuwaini atashika Omani; lakini Khalid alitangulia mbele ya haki mwaka 1854, na mahali pake Unguja pakashikwa na Majid. Hivyo, baba alipokufa, Majid alikuwa amekalia kiti na Thuwaini, aliyemzidi umri, alikuwa amekalia kiti kingine ng'ambo ya bahari, na kila mmoja alijiona mrithi wa vyote. Wakapatana kwanza kwamba Majid apeleke Maskati riale 40,000 kila mwaka, wala hawakukubaliana fedha hizo ni hidaya ya ndugu kwa ndugu au ni kodi ya mtumwa kwa bwana. Majid alipoacha kuzipeleka, Thuwaini akapakia watu na silaha, na katika Februari 1859, pepo za kaskazi zikivuma, akatweka kuja Unguja. Majid naye akawaita watu wa pwani na wa bara kwa maelfu, akawapa bunduki na baruti. Vita hivyo havikupiganwa. Manowari iliyotumwa na serikali ya Kiingereza ya Bombay ilimkuta Thuwaini karibu na Rasi Hadd, akaambiwa kwamba ugomvi wake na nduguye utaamuliwa na serikali hiyo, naye akageuza tanga akarudi kwao.

Namwomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa kuwa ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Barghash alikuwa ameuelekeza moyo wake kwa Thuwaini, na lau majeshi ya Omani yangaliteremka pwani ya Unguja, yeye angaliinuka kutoka ndani ya mji wakati ule ule. Merikebu zile hazikufika. Lakini azma yake haikurudi pamoja nazo.

Tukiutazama upande wa Majid, tunaona kwamba alikuwa na mengi. Alikuwa na forodha, iliyokodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi, ambayo ndiyo iliyokuwa kisima cha dola nzima. Alikuwa na ngome kongwe ya pwani, na askari wa Kibulushi waliokula mshahara wake. Na juu ya hayo alikuwa na mapenzi ya Christopher Rigby, balozi wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1858, askari wa jeshi la Bombay, mtu mkali asiyesitasita. Alilokosa ni afya, maana aliandamwa na kifafa tangu ujana, na adui zake wakalitumia jambo hilo kusema kwamba hafai kutawala.

Upande wa Barghash walisimama Wahirthi, kabila la Kiarabu lenye mashamba na watu wengi, lililojihesabu kuwa limetangulia Unguja kabla ya Albusaidi, ukoo wa Sayyid Said, na ambalo halijapata kuuzoea utii. Kiongozi wao alikuwa Abdullah bin Salim. Alisimama naye pia balozi wa Kifaransa, na sababu yake ni ya kuhuzunisha, nami sitaificha. Wafaransa walitaka watu wa kulima miwa katika kisiwa cha Réunion, wakawa wanawachukua Waafrika kwa jina la vibarua walio huru, ilihali wengi wao walinunuliwa na kufungwa kama watumwa wengine wote. Majid alilizuia jambo hilo katika milki zake, na Wafaransa wakatamani mtawala mwingine. Tusemapo basi kwamba upande huu ulikuwa na haki na upande ule ulikuwa na dhuluma, ni wajibu tukumbuke kwamba chini ya pande zote mbili walikuwako watu ambao hawakuulizwa lolote, wachuma karafuu na wachukuzi wa mizigo, ambao siku ya vita walisukumwa mbele ya mizinga wapiganie usultani ambao, akishinda yeyote, kwao ulikuwa ni utumwa ule ule.

Lakini hazina kubwa kuliko zote aliyokuwa nayo Barghash ilikuwa dada zake. Bibi Khole, ambaye uzuri wake ulisifiwa mji mzima na ambaye baba yake alimpenda mno, alijitoa kwa ajili ya ndugu yake kwa roho moja, na nyuma yake akamvuta mdogo wao, Salme, msichana wa miaka 15. Mwaka ule ule Salme alifiwa na mama yake, Jilfidan, bibi wa Kicherkesi, kwa kipindupindu kilichoingia Unguja na kuua watu wengi. Alikuwa yatima wa baba na mama, tajiri wa mashamba, na mwenye kiu ya kupendwa. Utotoni alikaa katika nyumba ya Majid, Bet il Watoro, na Majid ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Tena alikuwa na elimu ambayo wanawake wa nyumba ile hawakuwa nayo: alijifunza kuandika, peke yake na kwa siri, kwa kunakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu ya elimu hiyo akawa katibu wa njama. Barua za kuwaita wakuu, na za kuagiza bunduki, baruti na risasi, zilitoka katika mkono wake, zikimwelekea kwa ubaya yule yule aliyempakata utotoni. Aliyaandika hayo mwenyewe ukubwani, katika kitabu chake kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1886, na majuto yake huonekana katika ukurasa baada ya ukurasa.

Siri ya watu wengi haikai. Majid alipata habari, na katika Oktoba 1859 akaamuru nyumba ya Barghash izungukwe na askari wa Kibulushi, asitoke mtu wala kisiingie chakula, kwa matumaini kwamba njaa itaimaliza fitina bila ya damu ya mwana wa Sayyid Said kumwagika. Ndani ya nyumba mlikuwamo Barghash, dada yake Meje, na mdogo wao Abdulaziz, mtoto bado. Huko nje, katika shamba la Mariseli, Wahirthi na wafuasi wao walikuwa wamekwisha kukusanyika, wakingoja bwana wao.

Usiku mmoja Khole na Salme wakatoka majumbani mwao na msafara wa wanawake, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa askari walioizunguka nyumba. Walizuiwa. Ndipo Salme, kinyume cha desturi zote za binti wa mfalme, akamwendea mkuu wa askari akasema naye uso kwa uso, na yule mtu, kwa mshangao na kwa haya, akawaruhusu waingie kuwaona ndugu zao kwa muda mfupi. Mle ndani ilizuka taabu ambayo hawakuitazamia: Barghash, aliyekuwa tayari kufa, hakuwa tayari kuvaa nguo za mwanamke. Walimsihi, wakamkumbusha watu wanaomngoja, na hatimaye akakubali kufunikwa shela hata yakabaki macho tu, akiwa na silaha zake ndani. Abdulaziz akafunikwa vile vile. Wakatoka polepole, wakizungumza kama wanawake watokao ziarani, na askari wakawapisha njia kwa taadhima. Walipokwisha kuvuka mipaka ya mji, Barghash alilivua shela, akawaaga dada zake, akapotea gizani pamoja na mdogo wake.

Mariseli lilikuwa shamba la marehemu Khalid, aliyewapenda Wafaransa hata akalipa jina la mji wao, na baada yake likarithiwa na binti zake. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya mawe, yenye kuta nene. Barghash na Wahirthi waliifanya boma, wakatoboa matundu ya bunduki, wakajaza vyakula na baruti. Majid akatoka mjini na jeshi la watu maelfu kadhaa na mizinga, akaipiga nyumba ile mchana kutwa. Waliokuwa ndani walijibu kwa risasi, wakaanguka watu pande zote mbili, na jua lilipokuchwa boma lilikuwa lingali limesimama na bendera ya mtawala haijaingia ndani. Majid akarudi nyuma usiku ule, akatuma kwa Rigby.

Hapa ndipo ninapokataa jibu la haraka. Mnyonge yule, mwenye nyumba moja ya mawe na makabaila wachache nyuma yake, alisimama mbele ya dola yote ya Unguja mchana mzima asitetereke. Majid mwenyewe alikiri udhaifu wake pale alipotaka msaada, maana mtu aliye na hakika ya ushindi kesho haombi mabaharia wa wageni leo. Lau ugomvi ungaliachwa kwa wana wa Sayyid Said peke yao, jeshi la watu walioitwa kwa zawadi na mshahara, lililoshindwa siku ya kwanza, lingaliweza kuanza kupukutika siku ya pili na ya tatu, kama yalivyopukutika majeshi mengi ya namna hiyo katika pwani yetu.

Wala si ajabu katika pwani hii mnyonge kushinda. Yapata mwaka 1812 watu wa Pate, wakisaidiwa na Mazrui wa Mombasa, waliishukia Lamu kwa jeshi lililoizidi kwa mbali, wakateremka Shela. Wakapigwa, na kwa masimulizi ya wazee, walipokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa, wakauawa pwani pale pale. Lakini watu wa Lamu, baada ya kushinda, walihofu kisasi, wakatuma Maskati kumwomba Sayyid Said himaya, naye akawaletea liwali wake. Na kwa mlango huo Albusaidi wakaingia Lamu wasitoke. Ushindi ule wa Shela ulidumu kwa muda wa safari ya barua kwenda Omani na kurudi.

Barghash alifanya makosa, na mawili ni makubwa. La kwanza ni la majira. Aliinuka Oktoba, wakati pepo za kusi zinakwisha na kaskazi haijasimama, na katika majira hayo ni nadra jahazi au merikebu ya tanga kutoka Omani kuja Unguja. Hata kama Thuwaini angalikuwa huru kumsaidia, msaada wake ungalifika baada ya miezi 2 au 3. Mwana wa mabaharia alilijua hilo kuliko mimi nilijuavyo. Bila shaka hakuchagua majira, ila majira yalimchagulia Majid alipoizunguka nyumba yake. Katika bandari, lakini, zilikuwako manowari za Kiingereza, Assaye na Lynx, nazo zilikwenda kwa moshi na hazikungoja upepo wa mtu.

Kosa la pili ni kwamba alijifungia Mariseli, ilhali roho ya dola ilikuwa pwani, katika forodha na ngome. Boma la shamba laweza kukulinda usife, lakini halikupi riale moja, wala halikupi bandari. Wako wasemao kwamba angaliuvamia mji usiku ule ule alipotoka, wakati askari walikuwa wangali wanailinda nyumba tupu, angalilala katika jumba la baba yake. Nakubali kwamba angalilala humo. Je, angaliamka humo? Mwanawe mwenyewe, aliyempa jina la Khalid, aliifanya jeuri hiyo hiyo miaka 37 baadaye: tarehe 25 Agosti 1896 aliingia katika jumba la enzi, akakusanya watu na mizinga, na tarehe 27 manowari za Kiingereza zikalipiga jumba kwa muda wa dakika 40 hivi, wakauawa na kujeruhiwa watu wapatao 500, na Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Jumba lililojengwa ukingoni mwa bahari ni la yule mwenye mizinga baharini.

Yaliyofuata usiku wa Mariseli yaonyesha jambo hilo hilo. Mabaharia wa Kiingereza walipofuatana na jeshi la Majid kwenda kulibomoa boma, walilikuta tupu; Barghash alikuwa amelitoka usiku akarudi mjini kwa siri, akaingia katika nyumba yake ile ile. Rigby akaleta askari wa manowari mpaka mlangoni, risasi zikapigwa katika kuta na madirisha, hata ikasikika sauti kutoka ndani ikilia, "Amani! Amani!" Barghash akajitoa mikononi mwa balozi. Hakuuawa wala hakufungwa Unguja. Alipakiwa chomboni akapelekwa Bombay pamoja na Abdulaziz, mtoto yule aliyefunikwa shela, ambaye hakutaka kutengana na kaka yake. Majid alishauriwa awaadhibu dada zake, akakataa. Na kwa hilo namheshimu kuliko kwa ushindi wake.

Ushindi wenyewe, ukiutazama kwa makini, ulikuwa wa nani? Miezi michache baadaye serikali ya Bombay ilimtuma Brigedia Coghlan kuchunguza madai ya Majid na ya Thuwaini, na katika Aprili 1861 Lord Canning, mtawala mkuu wa Bara Hindi, akatoa hukumu kwamba milki ya Sayyid Said igawanywe: Unguja ni ya Majid, Maskati ni ya Thuwaini, na Majid alipe riale 40,000 kila mwaka pamoja na 80,000 za miaka 2 iliyopita. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zikaandikiana kwamba zitauheshimu uhuru wa watawala wote wawili. Ndugu waliogombea nyumba ya baba yao wakaisikia hukumu ya urithi wao kutoka kwa mtu ambaye hakupata kula mezani kwa baba huyo.

Barghash aliporejea kutoka Bombay alikuwa ameona treni, viwanda na bandari zilizojaa moshi, naye akakaa kimya. Salme alipatana na Majid, kwanza kwa ajili ya nyumba yake ya Bububu ambayo Majid aliitaka kwa balozi mpya wa Kiingereza. Khole hakumsamehe kwa upatanishi huo. Mwaka 1866 Salme akaondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Tarehe 7 Oktoba 1870 Majid akafariki bila ya mwana wa kiume, na Barghash akakikalia kile kiti bila ya risasi moja, kwa ridhaa ya wale wale waliomtoa mlangoni mwake. Miaka 3 baadaye, balozi wa Kiingereza, Kirk, akimtishia kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia mkono mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Jambo la heri kwa maelfu ya viumbe, lakini mtawala hakuliamua yeye.

Katika Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga imeelekezwa madirishani, zikimtaka aikubali himaya ya Wajerumani katika nchi za bara. Katika chombo kimoja kilichofuatana nazo alikuwamo Salme na watoto wake, mjane, ametoka Ulaya kutafuta urithi wake na kumwona ndugu yake. Watu wa mji walimjua na wakamfurahia njiani. Barghash hakukubali kuonana naye.